Barua ya wazi kwa viongozi wa Haut-Katanga: jicho la mtoto lina tarehe yake

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Haut-Katanga,
Kwa Waheshimiwa Wabunge wa Jimbo,
Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo na Waganga Wakuu wa Zoni za Afya,
Kwa wakurugenzi wa hospitali za Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa,

Baada ya salamu za heshima.

Tunawaandikia kuhusu retina za watoto. Retina ni utando mwembamba ulio nyuma kabisa ya jicho, unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Lenzi ya jicho hubadilishwa, konea hupandikizwa. Retina haina kipuri. Ikifa, imekufa. Na magonjwa yanayoishambulia utotoni hayasubiri kampeni ya mwaka ujao. Kila moja lina tarehe yake. Moja linatupa saa 72, jingine siku 28, jingine miezi michache. Tarehe ikishapita, hata bingwa kutoka ng'ambo akija na mashine zake zote hatakuwa na cha kufanya.

Ombi letu ni moja. Kabla ya kujenga jengo jingine la macho, andikeni tarehe hizo kwenye karatasi ambazo tayari zinatumika kila siku jimboni: faili la kuvezi (kitanda cha joto cha mtoto njiti), kadi ya chanjo, daftari la watoto wa SS (wenye selimundu). Watoto hawa wanapita mikononi mwa wahudumu wa afya wakati macho yao bado yanaokoleka. Wanapimwa uzito, wanachomwa sindano, wanaandikwa. Wasichofanyiwa ni kuangaliwa ndani ya jicho.

Tuanze na mtoto wa kuvezi, kwa sababu hapo ndipo huduma yetu inapoweza kumpofusha mtoto huku ikimwokoa.

Mtoto njiti huzaliwa retina yake bado inaotesha mishipa ya damu. Mishipa hiyo huanzia katikati, penye neva ya jicho, ikatambaa kuelekea ukingoni, na hukamilika karibu na wiki ya 40 ya ujauzito. Mtoto akizaliwa wiki ya 30, kazi imekatika njiani. Akipewa oksijeni kupita kiasi, mishipa inasimama na mingine inajifunga. Wiki chache baadaye ile sehemu ya retina iliyokosa mishipa inaanza kudai damu, na mwili unaijibu kwa mishipa mipya ya ovyo, dhaifu, inayovuja na kuvuta. Ikivuta vya kutosha, retina inabanduka kama rangi kwenye ukuta uliolowa. Wakati huo mtoto ana miezi miwili au mitatu, amenenepa, ananyonya vizuri, nyumbani wanamshukuru Mungu, na hakuna anayejua kwamba haoni.

Nchi tajiri zilipita hapa kabla yetu. Ugonjwa huu, unaoitwa retinopathia ya mtoto njiti, ulielezwa mwaka 1942 huko Boston na daktari Theodore Terry, na katika miaka kumi hivi iliyofuata inakadiriwa watoto 10,000 duniani walipofuka, hadi ilipothibitishwa katika miaka ya 1950 kwamba oksijeni isiyopimwa ilichangia. Kisha wakakosea upande wa pili: wakaibana oksijeni mno, na watoto wakafa. Kwa hiyo hatusemi oksijeni ipunguzwe kwa kukisia. Tunasema ipimwe.

Tazameni skrini ndogo ya oksimita, kipimo cha oksijeni iliyo kwenye damu, iliyofungwa kwenye mguu wa mtoto wa gramu 1,300. Inaonyesha 100. Muuguzi anaridhika, daktari anaridhika, bibi anayechungulia dirishani anaridhika. Kwa mtoto anayepumua hewa ya kawaida, 100 haina neno. Kwa njiti aliye kwenye oksijeni, 100 ni onyo, kwa sababu kipimo hakipandi zaidi ya hapo na hatuwezi kujua damu yake imezidishiwa kiasi gani. Lengo ni kati ya 90 na 95. Kengele ya chini iwekwe 88, ya juu 95, na isizimwe kwa kuwa inasumbua wodi.

Kinachokwamisha hapa ni vitu vidogo. Chupa ya oksijeni hutoa oksijeni tupu. Mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani hutoa zaidi ya asilimia 90. Bila blenda ya kuichanganya na hewa ya kawaida, muuguzi amebaki na njia moja tu, kupunguza mtiririko, na mita nyingi za mtiririko zimetengenezwa kwa watu wazima: zinaanza kusoma kwenye lita 1 au 2 kwa dakika, wakati njiti huanzia nusu lita na mara nyingi huhitaji chini ya hapo. Yaani muuguzi anaambiwa apime vizuri kwa rula isiyo na sentimita. Tunaomba kila kitanda cha kuvezi kinachotumia oksijeni kiwe na oksimita yenye kihisio cha mtoto mchanga na mita inayosoma chini ya lita 1, na kila wodi ya watoto njiti iwe na blenda.

Oksijeni ikipimwa vizuri, watoto wengi watanusurika, lakini si wote. Kwa hiyo macho lazima yaangaliwe. Nani aangaliwe? Akina mama wengi jimboni hawana tarehe ya uhakika ya ujauzito, kwa hiyo tusitegemee wiki peke yake. Kila mtoto aliyezaliwa na gramu 2,000 au chini, au kabla ya wiki ya 34, aingie kwenye orodha. Aingie pia mwenye uzito zaidi kama alikaa siku nyingi kwenye oksijeni, aliongezewa damu, au aliugua maambukizi makali. Na asiyeongezeka uzito katika wiki za mwanzo atiliwe shaka zaidi, maana kudumaa kwa uzito na kudumaa kwa mishipa ya retina huenda pamoja. Maziwa ya mama na kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi ni kinga ya jicho pia.

Lini? Siku ya 28 tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa chini ya gramu 1,200 aangaliwe mapema zaidi, wiki ya 3. Kisha kila wiki moja au mbili, kulingana na kilichoonekana, mpaka mishipa ifike ukingoni.

Hapo, Waheshimiwa, pana shimo ambalo tunaomba mlizibe kwa kalamu tu. Mpango wowote wa huduma ya bure kwa mtoto mchanga unaokoma siku ya 28 unakoma siku ileile macho ya njiti yanapotakiwa kuangaliwa kwa mara ya kwanza. Zaidi ya hapo, ugonjwa hufikia hatua ya kutibiwa mara nyingi karibu na wiki ya 36 au 37 tangu ujauzito uanze kuhesabiwa, wakati mtoto ameshafikisha uzito wa kuruhusiwa na mama amerudi Kasenga au Pweto. Kwa hiyo mtoto njiti asiruhusiwe kwenda nyumbani bila tarehe ya macho kuandikwa kwenye karatasi ya kutoka, pamoja na namba ya simu ya mama na ya jirani. Na huduma ya bure kwa mtoto huyu ifuate macho yake hadi mishipa ikamilike, isifuate kalenda ya siku 28.

Vipi? Uchunguzi ufanyike wodini. Mtoto asisafirishwe kwenda kliniki ya macho na kurudi akiwa na baridi. Asinyonye kwa saa moja kabla. Matone ya kupanua mboni yawe fenilefrini ya asilimia 2.5 na saiklopentoleti ya asilimia 0.5: tone moja kila jicho, lirudiwe baada ya dakika 5, mara mbili au tatu, na kinachotiririka kifutwe mara moja kwa pamba ili ngozi isikinywe. Fenilefrini ya asilimia 10 iliyo kwenye kabati la watu wazima ni hatari kwa njiti: hupandisha presha ya damu kwa ghafla. Saiklopentoleti kali nayo hujaza tumbo gesi na inaweza kusimamisha pumzi. Mtoto avikwe kitambaa kama kifurushi, mtu mmoja amshike na kutazama oksimita, kwa sababu jicho likibonyezwa mapigo ya moyo yanaweza kushuka. Mchunguzi anahitaji ofthalmoskopu (taa ya kuangalia ndani ya jicho) ya kuvaa kichwani, lenzi ya dayopta 28, kifaa kidogo cha kushikilia kope na kijiti cha kubonyeza ukingo wa jicho. Vifaa hivi vichemshwe au visafishwe kwa dawa kati ya mtoto na mtoto. Virusi vya macho mekundu vikiingia wodi ya njiti vinazunguka vitanda vyote.

Ugonjwa ukifikia hatua ya kutibiwa, tuna saa 72. Tiba ya msingi ni leza inayounguza sehemu ya retina isiyo na mishipa ili iache kudai damu. Leza inataka umeme usioyumba, na delestaji (ukataji wa umeme kwa zamu) ya Lubumbashi haina ratiba inayoheshimu saa 72. Kwa hiyo asinunue mtu leza bila kununua pamoja nayo stabilaiza na betri. Wako watakaowaambia ipo njia rahisi: sindano ya bevasizumabi ndani ya jicho, miligramu 0.625, bila mashine yoyote. Ni dawa nzuri na mahali pengine ndiyo yenye kufaa. Lakini inatuliza ugonjwa bila kuumaliza. Unaweza kurudi miezi baadaye, na mtoto anahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu kuliko aliyepigwa leza. Kwa mama anayeishi siku mbili za barabara mbovu kutoka hapa, sindano bila ufuatiliaji ni kuahirisha upofu. Msimamo wetu ni leza kwanza, na sindano kwa mtoto ambaye mama yake ana mahali pa kulala mjini mpaka mwisho wa ufuatiliaji. Aliyepona naye hajamaliza: wengi hupata ukosefu wa kuona mbali mapema sana, na miwani inaweza kuhitajika kabla hajatembea.

Sasa retinoblastoma, saratani ya retina. Hutokea kwa mtoto mmoja kati ya 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa hai. Katika kila vizazi 100,000, tutarajie 5 au 6. Ikigunduliwa ikiwa bado ndani ya jicho, karibu wote wanapona. Katika nchi zenye huduma kamili ni zaidi ya 95 kwa kila 100. Ikifuata neva hadi kwenye ubongo, inaua. Dalili ya kwanza ni mboni inayong'aa nyeupe, jicho la paka kama wazazi wasemavyo. Ya pili ni makengeza yaliyokuja upya. Mara nyingi mama ndiye wa kwanza kuona, jioni, mtoto akigeuza kichwa chini ya taa, au kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi: jicho moja jekundu, la pili jeupe. Akija kituoni na habari hiyo asipewe tone la antibiotiki na kuambiwa atakua itaisha. Picha yake kwenye simu ni kipimo. Itumwe kwa mtu wa macho siku hiyohiyo.

Na hatuna haja ya kusubiri mama aone. Siku za chanjo za wiki ya 6, wiki ya 14 na mwezi wa 9, mtoto yuko mbele yetu. Chumba kitiwe giza, muuguzi ashike ofthalmoskopu ya kawaida karibu na jicho lake mwenyewe, nusu mita kutoka kwa mtoto, mwanga uangukie macho yote mawili kwa pamoja. Mboni zote mbili zinapaswa kung'aa sawasawa. Macho ya watoto wetu hayang'ai mekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Yanang'aa rangi ya machungwa iliyofifia, hata ya kahawia, na muuguzi asiyefundishwa hivyo ama ataogopa kila mtoto ama atapuuza wote. Cha kutafuta ni tofauti kati ya jicho na jicho, giza, au weupe. Inachukua chini ya dakika moja. Weupe unaweza kuwa mtoto wa jicho, saratani au retina iliyobanduka. Kituo cha afya hakina haja ya kujua ni kipi, kinatakiwa kumtuma ndani ya saa 72.

Hospitalini, makosa yanayogeuza saratani inayotibika kuwa kifo yanajulikana. La kwanza ni kuchoma sindano au kupasua jicho ili kuchukua kipande cha uvimbe: seli zinatoka nje kupitia tundu hilo. Jicho linaloshukiwa saratani halichomwi. La pili ni kuling'oa jicho na kukata neva fupi. Ikatwe ndefu, milimita 10 hadi 15, maana ncha yake ndiyo itakayotuambia kama saratani imetoka. La tatu linauma zaidi, kwa sababu linatokea baada ya kazi yote ngumu kumalizika. Fikirieni chupa ya plastiki kwenye rafu ya chumba cha upasuaji. Ndani yake jicho zima linaelea kwenye formalini ya asilimia 10. Lebo imeandikwa kwa wino na imeanza kufutika. Familia iliuza mbuzi ikalipa upasuaji, ikaambiwa kipimo cha patolojia ni malipo mengine, ikaondoka. Jibu lililo ndani ya chupa hiyo, kama seli zimeingia kwenye neva au kwenye tabaka la mishipa chini ya retina, ndilo linaloamua kama mtoto anahitaji kemotherapia. Bila jibu hilo ama anapewa dawa kali asizozihitaji, ama ananyimwa zinazohitajika. Tunaomba bei ya patolojia iwe ndani ya bei ya upasuaji, isitenganishwe kamwe.

Dawa zenyewe ni za zamani: vinkristini, kaboplatini na etoposidi, kila wiki 3 au 4. Kinachoua matibabu ni mzunguko wa tatu, pale nauli inapoisha na mtoto anaonekana mzima. Wazazi wanaokataa jicho kung'olewa nao si wajinga. Wanawaza sura ya mtoto wao. Jicho la bandia liwe mezani, walishike mkononi kabla ya kusaini, na wahakikishiwe kwamba litawekwa wiki 6 hivi baada ya kidonda kupona. Hospitali ikiahidi jicho la bandia bila kuwa nalo, mzazi wa mtoto anayefuata atakuwa ameshasikia.

Hapa urithi unaingia. Karibu watoto 40 kati ya 100 wenye saratani hii wamezaliwa na jeni RB1 iliyoharibika katika kila seli ya mwili; wenye ugonjwa macho yote mawili ni wa kundi hilo wote. Mtu aliyepona ugonjwa wa macho mawili akizaa, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Kwa hiyo ndugu na watoto wa mgonjwa waangaliwe tangu kuzaliwa: kila wiki 2 hadi 4 katika wiki 8 za mwanzo, kisha kila mwezi hadi mwaka mmoja, kisha kwa nafasi ndefu zaidi mpaka umri wa miaka 7. Baada ya miezi michache ya kwanza uchunguzi huu hufanywa chini ya nusukaputi, kwa hiyo mtaalamu wa nusukaputi ya watoto ni sehemu ya huduma ya retina. Bila yeye, hatuoni kitu.

Kuhusu upofu wa kurithi unaokuja polepole, watu wa Lubumbashi wanaujua urithi kuliko wanavyodhani, kwa sababu ya SS. Wanajua kwamba baba na mama wa AS (wenye jeni moja tu ya selimundu), wote wazima, wanaweza kupata mtoto wa SS, na kwamba nafasi ni moja kati ya nne kwa kila mimba. Magonjwa mengi ya retina hurithiwa kwa njia hiyohiyo, na ndoa za binamu huongeza nafasi. Mengine hubebwa na mama na kuwapata watoto wa kiume. Huyo mama hana kosa lolote, na anastahili kuambiwa hivyo mbele ya wakwe zake. Mtoto ambaye macho yanacheza, anayejibonyeza macho kwa ngumi, anayekodolea taa, huenda amezaliwa na retina isiyofanya kazi. Mtoto anayejikwaa giza likiingia si mulozi. Anaumwa.

Kwa huyo wa giza, kipo kipimo ambacho kila kituo kinacho: vitamini A. Kutoona usiku kwa ukosefu wa vitamini A kunapona ndani ya siku chache. Mtoto wa mwaka mmoja na zaidi apewe yuniti 200,000 siku ya kwanza, 200,000 siku ya pili, na dozi ya tatu baada ya wiki mbili. Wa miezi 6 hadi 11 nusu yake. Akiendelea kujikwaa wiki mbili baadaye, tatizo liko kwenye retina, na asiongezewe vitamini zaidi, maana kuna magonjwa ya kurithi ambayo vitamini A nyingi huyazidisha.

Mmesikia labda kuhusu tiba ya jeni. Ipo. Voretijini neparvoveki iliidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa upofu wa jeni moja tu, RPE65, na bei yake ilitangazwa kuwa dola 425,000 kwa jicho moja. Hatuombi hiyo. Tunaomba wazazi walindwe dhidi ya wauzaji wanaotumia habari hiyo kuuza matone ya uongo, na tunaomba daftari la familia zenye upofu wa kurithi, ili siku tiba ya bei ya kibinadamu ikifika, tujue pa kubisha hodi. Wakati huohuo watoto wenye ualbino watolewe kwenye hesabu ya vipofu. Katikati ya retina yao haikukomaa, lakini wengi wao wanaona: wanahitaji miwani iliyopimwa, kofia, dawati la mbele na maandishi makubwa. Kumfundisha Braille mtoto anayeweza kusoma wino ni kumnyang'anya macho aliyo nayo.

Retina inayobanduka kwa mtoto mkubwa zaidi mara nyingi huanza na jeraha: manati, waya, fimbo, jiwe. Jicho lililopasuka lifunikwe kwa kitu kigumu kisichogusa jicho, hata kitako cha kikombe cha karatasi kilichobandikwa kwa plasta. Lisikandamizwe kwa pamba, lisipakwe mafuta, na lishonwe ndani ya saa 24. Damu ikionekana ndani ya jicho, mtoto afanyiwe siku hiyohiyo kipimo cha Emmel, kinachotafuta seli za selimundu kwenye damu. Kwa mwenye SS, na hata wa AS, seli zenye umbo la mundu huziba mifereji ya jicho, na presha ya jicho ya 24 ikidumu siku nzima inatosha kuua neva. Asetazolamidi, kidonge ambacho wengi hukimbilia, inaweza kuzidisha umundu wa seli. Mtoto wa SS aangaliwe retina kila mwaka kuanzia umri wa miaka 10, kwa kuwa mishipa ya ovyo inaweza kuota ukingoni bila maumivu yoyote. Na mtoto mwenye kaakaa lililopasuka ambaye haoni mbali kabisa anaweza kuwa na ugonjwa wa Stickler, unaobandua retina. Timu za upasuaji wa kaakaa zimtume kwetu kabla hazijafungasha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa retina methali hii ni sawasawa na ilivyo. Ufa peke yake huzibwa kwa leza au kwa kugandishwa na baridi kali kwa dakika chache. Retina ikishabanduka, mtoto anahitaji bendi ya silikoni nje ya jicho au vitrektomi ndani (upasuaji wa kuondoa ute ulio ndani ya jicho), na retina ya mtoto huota makovu haraka. Mnapogharimia mtoto kutibiwa nje, ulizeni mambo mawili. Je, ndani ya jicho kumewekwa gesi? Ile ya C3F8 hukaa wiki 6 hadi 8, na ndege ikipanda gesi inavimba na kuua jicho angani. Tiketi ya kurudi ya wiki ya kwanza ni hukumu. Je, kumewekwa mafuta ya silikoni? Hayo kwa kawaida hutolewa baada ya miezi 3 hadi 6, na ufadhili unaolipa upasuaji wa kwanza bila wa pili haujalipa kitu.

Fedha zipo mahali panapojulikana. Sheria namba 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, iliyorekebisha kanuni za madini, inalipa jimbo asilimia 25 ya mrabaha wa madini, na inazitaka kampuni zitenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozizunguka. Fedha hizo hupenda kuta, kwa sababu kuta huonekana. Wekeni kwenye orodha ya mwaka huu vitu visivyopigwa picha: ofthalmoskopu mbili za kichwani, lenzi ya dayopta 28 na ya dayopta 20, seti nne za vifaa vya kope, leza moja na betri yake, vihisio vya oksimita, na mkataba wa matengenezo wa miaka 5. Fundisheni watu wawili kwa kila mashine, kamwe si mmoja. Mmoja akihama, mashine inafunikwa kitambaa. Lipeni pia muuguzi mmoja mwenye simu, vocha na daftari, ambaye kazi yake ni kumpigia kila mama jioni kabla ya tarehe ya macho. Tukilazimishwa kuchagua kitu kimoja kati ya vyote hivi, tutamchagua huyo.

Mkurugenzi wa hospitali hana haja ya kungoja bajeti ili aanze. Jumatatu asubuhi aingie wodi ya njiti, ahesabu vitanda vyenye oksijeni, ahesabu oksimita zinazofanya kazi, aangalie kengele ya juu imewekwa kwenye namba gani, kisha afungue faili la kila mtoto aliyetimiza siku 20 na aandike tarehe.

Sisi wahudumu wa macho, wa watoto wachanga na wa nusukaputi,
Lubumbashi